Alama Niliyoiongeza Kando ya Zako

Yaya Bernadeta, dada yangu mkubwa,

Nimegusa kompyuta yako. Nakuandikia hilo kwanza kwa sababu Mama alikataza.

Siku ya kumaliza kilio cha msiba wako, mama wadogo waligawa nguo na viatu vyako. Kompyuta ya sekretaria, kibanda chako cha kuchapa barua na matangazo, walinipa mimi. Mama akasema mbele ya wote: "Odile, tumika nayo. Lakini usibadilishe kitu."

Nikatii. Ule mstari wa chini ya skrini ulibaki na alama zako tatu kama ulivyozibandika: programu ya barua, ya majedwali, ya noti za kwaya. Kazi ya picha nimeianza mimi, na programu yake ilikuwa mbali, ndani ya orodha ndefu. Kila mara niliitafuta upya. Wateja walinitania: "Odile, weye unatafuta programu ao unatafuta bwana?" Nilicheka nao.

Wewe ulinifundisha vingine. "Kitu unatumika nayo kila siku, weka kule chini. Umeme haiko mujomba yako, haitakungojea."

Daftari langu linasema: Jumatatu, saa nne asubuhi, umeme umerudi. Baba mmoja wa Kambove aliingia na picha ya binti yake. Alitaka tangazo la msiba. Ndugu zake walikuwa wanamsubiri mochari. Maneno niliyachapa haraka, nikamtolea nakala ayasome, juu nimeacha nafasi ya picha. Nikaanza kuteremka orodha. Nilipoifikia programu, umeme ukaondoka. Betri haishiki tena, unajua. Hapana, hujui. Ilikufa baada yako.

Tulingoja. Mwishowe akasema, "Acha tu, mama, nipe vile iko." Akaikunja karatasi yenye mraba mtupu, akaenda. Kwa haraka yake aliisahau picha mezani.

Jioni nilimweleza Mama. Asubuhi alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti chako. Nikabofya programu ya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua kuibandika. Ikatokea ya nne, mwisho wa mstari.

Mama akauliza, "Bya yaya yako bingali?"

Nikamwonyesha kwamba zako zote bado zipo. Akazihesabu tena mwenyewe, kidole kikigusa skrini, moja, mbili, tatu. "Basi," akasema. Akapangusa pale alipogusa, akatoka bila kuniangalia.

Ile ya kwaya sijui kuitumia, Yaya. Haitaondoka.

Nimeulizia anapokaa yule baba. Nimemchapia karatasi ya misa ya siku arobaini, binti yake yuko juu, anacheka. Jumamosi nitampelekea Kambove pamoja na picha yake.

Pumzika, Yaya wangu. Nakuahidi: mezani pako hatatoka tena marehemu asiye na sura.

Mdogo wako,
Odile