Neno la Tatu Kwenye Fomu ya Kabula

Baba,

Shikamoo. Ni saa nne asubuhi, nipo Mbeya mjini, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya watu wanaosomesha watoto. Pembeni yangu yupo Kabula, mwanafunzi wangu wa Rujewa aliyemaliza kidato cha nne. Ndani kuna wasaili watatu na msichana wa shule nyingine. Akitoka yeye, anaingia Kabula. Akifaulu, watamsomesha kidato cha tano na cha sita. Akikosa, kwao hakuna mpango mwingine. Nami nimemharibia, Baba, kwa kosa nililojifunza kwako.

Usinune. Nisikilize kwanza.

Tangu tukuzike Tosamaganga, mama amehamia Mbalizi kwa mdogo wangu. Analalamika kelele za barabarani, lakini anakula vizuri. Mimi nilichukua daftari lako la maneno ya Kiingereza, lile ulilokuwa ukitumia kujaza ripoti za wanafunzi, kila mtoto neno lake. Ukurasa wa maneno ya watu wenye mashaka ndio umechakaa kuliko yote. Ulikuwa ukituambia Kiswahili kikishasema mtu anasitasita kimemaliza, ila Kiingereza kina ngazi zake. Ukatuigizia sebuleni. “Hesitant” ulisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. “Wavering” ulikwenda kwenye kiti, ukageuka, ukarudi, ukaenda tena. Mama alicheka mpaka akaunguza maharage. Hata ulipougua na kikombe kikawa kinakumwagikia, uliniambia, “Mkono ndio ‘shaky’, unatetemeka, mwanangu. Mimi mwenyewe siyo ‘unsure’, hakika ninayo.” Nilicheka mbele yako, halafu nikaenda kulia jikoni.

Basi fomu ya Kabula ilipokuja, mahali pa mwalimu wa darasa paliandikwa nichague maneno matatu ya kumweleza mwanafunzi. Nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. La kwanza niliandika mwenye bidii, la pili mwenye adabu. La tatu nikalitoa kwenye daftari lako: “hesitant”. Nikajiona fundi. Darasani, ukimuuliza Kabula kitu, anainamisha macho, anakaa kimya mpaka wenzake wanaanza kunyoosha vidole, ndipo anajibu. Nikaongeza na sentensi kabisa kwamba hajiamini. Nikasaini, mkuu wa shule akagonga mhuri, fomu ikaja huku.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwao kuomba ruhusa ya safari. Ni Wasukuma, wafugaji waliohamia Usangu kabla yeye hajazaliwa. Nilikuta wanaume wamezunguka mtamba mgonjwa, wanabishana kama achomwe sindano nyingine. Baba yake akamwita, akamuuliza yeye anaonaje. Kabula akapiga goti, akamtazama yule mtamba, akanyamaza. Akanyamaza tena. Nikaanza kumwonea huruma. Kisha akasema kwa sauti ileile ndogo, “Asichomwe. Ameanza kucheua, anapona.” Baba yake akarudisha dawa kwenye mfuko, na wale wanaume wakatawanyika. Hakuna aliyemuuliza mara mbili.

Nikamwuliza mama yake mbona binti anakawia kujibu. Alinishangaa. “Mwalimu, kwetu mkubwa akikuuliza humrukii na jibu. Unalipima kwanza, ndiyo heshima yenyewe.”

Miaka minne nimemfundisha yule mtoto, Baba. Miaka minne ananiheshimu, na mimi namhesabia ni woga. Ruhusa ya safari wakanipa, nikaaga.

Tangu siku hiyo nimepiga simu hapa mara tatu. Naambiwa fomu zimeshasomwa, nisubiri usaili. Nimefikiria kumfundisha Kabula ajibu harakaharaka leo, nikaona nitamvuruga. Sasa ataingia, wataona amenyamaza, watatazama neno langu, watatikisa vichwa. Mwalimu wake mwenyewe amesema. Lakini nikisimama kuwaambia nilikosea, watauliza mimi ni mwalimu gani ninayesaini nisichokijua, na mkuu wangu atasikia. Anaweza kuninyang'anya darasa. Ninaogopa, Baba. Ninaogopa kweli.

Na nina hasira na wewe kidogo. Wangapi uliwajazia ripoti namna hii, kule Iringa, watoto waliokuwa wakikunyamazia kwa adabu? Hukuwahi kwenda kwao kuwaona. Ningependa ungekuwepo tubishane.

Kabula ameniuliza ninaandika nini. Nimemwambia barua kwa baba yangu. Anajua umefariki, darasa lao lilikuja kunipa pole. Amekaa kimya kama kawaida yake, na leo kwa mara ya kwanza nimemsubiri bila kumharakisha. Akasema, “Mwambie mwanawe yupo salama, na umpe shikamoo yangu.”

Mlango umefunguka. Yule msichana anatoka, anafuta jasho. Wamemwita Kabula kwa jina. Nimemwomba akae kwanza, nitangulie mimi.

Kwaheri, Baba. Pumzika, nakupenda na ubishi wako wote. Nakuahidi sitaandika tena neno juu ya mtoto ambaye sijafika kwao. Na hawa watu watatu nitawaambia wazi, hata sauti ikinitetemeka, kwamba aliyekuwa hana hakika ni mimi.

Mwanao