Watoto Kumi na Tisa wa Nyanya Edna

Nyanya Edna,

Najua, ungenitolea macho kwa kukuita nyanya. "Mwigizaji hazeeki, Wanjiru," ulikuwa ukisema huku nikikufunga vifungo vya sweta. Leo nivumilie tu, nina habari. Tumekuzika, na umeshangiliwa!

Hukuogopa kifo. Uliogopa kuzikwa na watu wawili, mimi mlezi wako na dereva wa gari la maiti. Uliondoka Toronto ukiwa msichana wa kupiga taipu. Hollywood wakakubadilisha jina, wakakunyoa nyusi, na kwenye mkataba wakaandika usizae. Ukawa nyota kweli kweli. Ulipofika arobaini simu ikanyamaza, ukarudi nyumbani peke yako. "Nani atanililia?" uliniuliza. Neno hilo liliniuma sana.

Basi nikawaambia akina mama wa kanisa letu, Wakenya na Wakongo. Wakasema mtu hazikwi kama mbwa. Walitoka mtaani kwetu Mount Dennis hadi mazishini kule Markham, na theluji ile, masufuria ya pilau mapajani. Mimi nilikupaka rangi ya mdomo, ile nyekundu, maana uliniapisha.

Mzee wa kanisa akasoma wasifu wako nilioandika. Unajua, kwetu mwishoni hutajwa watoto. Mahali hapo mimi niliorodhesha filamu zako, kila moja na mtu uliyemwigiza. Mzee, kwa mazoea, akapaza sauti: "Marehemu ameacha watoto kumi na tisa! Malkia wawili, muuguzi, rubani, mwizi wa vito..." Jamani! Nilitamani kumvuta koti. Lakini Mama Furaha, yule Mkongo, akapiga vigelegele, na kanisa zima likasimama na kupiga makofi. Nililia, nikacheka, nikalia tena.

Tangu siku hiyo watoto wa kanisa hawanipi raha, wanataka kumwona malkia. Nimeshakodi kanda ya filamu ya kwanza. Ulipoingia na lile gauni refu, hata wale watundu walisogea mbele wakuone vizuri. Wewe ungejifanya hujali, nakujua!

Nakuahidi tutazitazama zote, Jumamosi moja baada ya nyingine, na mwisho wa kila moja tutasimama kukupigia makofi.

Pumzika sasa, Nyanya. Mzee alikosea hesabu tu. Umeacha ishirini.

Mwanao,
Wanjiru