Kipande cha Mwisho cha Nyama

Basi hilo swali la mpishi, Neema mjukuu wangu, lisikufanye ununue mikate dukani na kula peke yako chumbani. Hapa mtaani Bertrams tu wazima, na mume wangu mpya bado ananiimbia akishona.

Unauliza kama ulikosea kubakiza nyama kwenye mgahawa wa Wafaransa, hata mpishi akaja kukuuliza kama hukuipenda. Nilipokuwa msichana Bukavu, nilialikwa kwa akina rafiki yangu wa shule. Njaa ilinibana, lakini nikawaachia watoto waliokuwa wakingoja mabaki jikoni paja la kuku. Mama mwenye nyumba akasema, "Huyu amelelewa." Nilirudi nyumbani nikitembea kama malkia.

Nawe umelelewa, najivunia sana. Ila huko hakuna watoto wanaongoja sahani yako. Anayeingoja ni mpishi. Rudi kwake, ule umalize, mchuzi uufute kwa mkate.

Mimi mume wangu alinipata kwenye mgahawa mmoja mtaa wa Fordsburg, aliponisogezea kipande chake cha mwisho. "Kula, mama. Mimi nimeshiba kukutazama." Mwongo mtamu huyo.

Kabla mwezi haujaisha tutakwenda Randburg kumtembelea mama yako. Nitabakiza nyama, niisogeze upande wa mume wangu, na wote watajua ni ya nani.

Bibi yako