Mti Nilioufahamu Shimoni

Segese

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku wazima, goti la bibi yako limepoa, na mama yako amevuna karanga.

Unauliza kwa nini, ulipotuomba tuchore mmea tunaoufahamu kwa ajili ya utafiti wako wa shule, mimi nilichora gogo lisilo na jani hata moja. Unasema mwalimu wako ameniweka kwenye fungu la wasioona mimea. Imeniudhi, sikufichi. Mimi niliyewasomesha nyote kwa kuuza mbao!

Ujanani nilichimba dhahabu karibu na Bulyanhulu. Shimo letu lilikuwa la futi hamsini, kuta zimeshikiliwa na matimba, yaani magogo tuliyokata wenyewe. Siku moja gogo la mgunga jirani na bega langu lililia kama mlango mkavu. Nikaliwekea sikio.

"Masanja, unalibembeleza? Lioe basi!" mwenzangu Ng'wandu akacheka.

"Panda kamba."

Alipanda huku akinitukana, nami nikafuata. Tulipofika juu gogo likavunjika, shimo likajifunga.

Ng'wandu alipotulia akauliza, "Ule mti uliukata wapi?"

Nikampeleka kwenye ngitili ya baba, malisho tuliyoyafungia hadi kiangazi. Nikamwonyesha kisiki. Nilichunga pale utoto wote, nikalala kivulini mwa mti ule, wala sikuwahi kuutazama.

Kwa hiyo mwalimu wako hajakosea sana. Niacheni kwenye fungu lake. Ila chini ya mchoro andika kwamba mzee huyu aliuona mti wake ulipokwisha kukatwa.

Babu yako,
Masanja