Kitanda cha Upande wa Khairat

Mkunazini, Mjini Unguja

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepunguza visirani. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi: mimi na mshono wangu, mjukuu wako Khairat na sauti yake inayofika mpaka Darajani. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikigusia arobaini yangu ya uzazi simuni, mtandao wa huko kwako Kidichi hukatika palepale.

Sitakuficha, nilikasirika. Mzazi wa mara ya kwanza hukaa arobaini kwao, lakini wewe ulinipeleka kwa dada yako, Mama mkubwa Rukaiya, ukasema nyumba yako inavuja. Inavuja kiangazi hiki, Mama? Majirani waliponiuliza, nilisingizia goti lako.

Mama mkubwa ananiuguza vyema, ananinywesha uji wa pilipili manga mpaka machozi yananitoka. Siku za mwanzo alimlaza mtoto ubavuni pangu, akamzungushia mito ya sufi asianguke. Muuguzi aliyekuja kutazama mshono aliiondoa yote, na blanketi pia. Alisema mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu, pasiwe na kitu cha kumziba pumzi. Na maadamu mimi nameza dawa za maumivu zinazoleta usingizi, nisilale naye kabisa. Awe na kitanda chake kando ya changu. Mama mkubwa alinung'unika kwamba watoto wa ukoo huu wote wamelelewa kwenye mito hiyo na wako hai. Kisha akatoka ghafla.

Sikumfuata kumuuliza. Lakini juzi, baada ya kumeza dawa, nilimnyonyesha Khairat nimejilaza, nikapitiwa na usingizi. Mama mkubwa alipoingia alikuta mkono wangu umemfunika uso. Alimnyakua, akalia yeye kabla ya mtoto. Mtoto ni mzima, usishtuke. Nampenda kuliko roho yangu, Mama, na sikusikia chochote.

Hapo ndipo aliponieleza habari za Nadir, kaka yangu aliyenitangulia: kwamba uliamka ukamkuta amepoa ubavuni mwako, na watu wakasema umemlalia. Nimelia sana. Mimi sijui kilichomchukua, na hao waliosema hawakujua pia. Sasa nimefahamu kwa nini unaogopa chumba chenye mtoto mchanga, na hasira zangu zimekwisha.

Lakini nakuomba uje. Mama mkubwa ana mapenzi, ila akilala hata adhana ya alfajiri humpita. Anasema wewe tangu siku ile hujalala fofofo, na ni kweli. Utotoni nilikuwa nikigeuka tu, unaniita jina. Usingizi wako huo ndio ninaouhitaji karibu na mwanangu.

Mume wangu Bakar anakuamkia, na Jumamosi atakuja kukuchukua. Kitanda chako kimeshatandikwa, upande wa Khairat.

Ni mimi mwanao,
Maisara