Kibangwa cha Baba Kimekwenda na Maji

Shamba la Mkonge,
Upande wa Korogwe

Dada yangu mpenzi, Mama Masanja,

Shikamoo, na mwangaluka. Mimi mdogo wako Shija ni mhola, mzima, mikono ina miiba ya mkonge lakini ugali inaufikia. Sijui ninyi hapo Kagongwa, wewe na mgongo wako, Mayu mama yetu na macho yake, ng'ombe na malisho. Masanja mpwa wangu, wewe unayesoma, msomee mama yako polepole, na ukifika kwenye aibu ya mjomba wako usiruke.

Barua yenu niliipata. Nimesikia kwamba mtoto wa Masanja analia tangu jioni mpaka jogoo, maziwa anayatema, na mfumu, yule mganga, amesema ni marehemu baba yetu Luhende anataka jina lake. Na Mayu amesema kibangwa kiletwe, kwa sababu mtoto haitwi jina la mzee shingo ikiwa tupu. Ni kweli. Kibangwa alinivika mimi baba, kwa mkono wake: kile kipande cheupe cha kombe chenye tundu, alichokuja nacho babu kutoka pwani enzi za kubeba mizigo kwa miguu.

Nilipaswa kupanda garimoshi siku ileile. Ningeweza kukwambia kwamba msimamizi alinikatalia, kwamba bila mimi mashine ya kusindika mkonge inagoma. Na inagoma kweli, nikishikwa na mafua nayo inakohoa, muulize mtu yeyote hapa. Lakini si hiyo. Niliogopa kuja. Niliwaandikia habari za nyumba ya bati na baiskeli ya taa mbili, na najua Mayu keshawatangazia majirani mpaka kisimani. Sasa ningeshuka Isaka na nini?

Kuna mwenzangu tunalala chumba kimoja, Maganga, mtu wa huko kwetu, wa Segese. Alikuwa anajiandaa kwenda likizo. Nikawaza nimpe kibangwa akilete, mimi nibaki. Wazo lenyewe likanikosesha usingizi, kichwa kikawa kizito kama mtumba wa katani. Nikaomba Jumapili, nikaenda Tanga kukaa baharini peke yangu ili nifikiri.

Dada, ile bahari niliyowaandikia kwamba naiogelea kila Jumamosi, ndiyo kwanza naiona.  Mara hii uongo wangu ulikuwa mdogo kuliko kitu chenyewe.

Nilifika alfajiri. Maji yalikuwa mbali huko, mchanga umelala wazi kama mbuga ya kiangazi. Hakuna mashine, hakuna nyapara, hakuna mtu wa kumsimulia. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe, ambayo sijaisikia tangu nije huku. Kichwa kikapoa. Nikaona raha, dada, na raha hiyo ndiyo inayonisuta mpaka leo: kwenu mtoto anakauka sauti, mimi napepewa.

Sasa sikiliza kosa la mtu wa kwetu. Sisi maji makubwa tunayoyajua ni ya Nyanza. Ziwa ukiliacha asubuhi unalikuta palepale jioni, kama mtu mwenye adabu. Kamba ya kibangwa ilikuwa imechakaa, nikakivua, nikakifunga ndani ya shati, nikaweka shati juu ya jiwe. Mbali na maji, mbali kabisa, ng'ombe wa kijiji kizima wangepita katikati. Nikajilaza. Nilipoamka maji yananilamba mbavu, na hapa sitii chumvi. Jiwe silioni. Shati silioni. Nikaingia mpaka kidevuni nikipapasa kwa miguu, mimi ambaye kuogelea sijui, nikameza maji yale machungu nikirudi nikitapika.

Mama mmoja mchokoa pweza, kaniki kaikunja magotini, fimbo mkononi, alikuwa ananitazama. Akaniuliza, "Baba, shati ulimwekea nani pale?"

Nikamwambia maji yamenifuata, ya ziwa letu huko bara hayana tabia hiyo.

"Hayakukufuata wewe. Yanajaa, halafu yanakupwa. Au ziwa lenu huko bara haliendi kulala?"

Akacheka, akanionea huruma, akanipa muhogo. Nikakaa naye kivulini mpaka maji yakaanza kurudi nyuma. Shati tulilikuta limenasa kwenye mizizi ya mikoko. Fundo limefunguka. Tulichokoa mchanga wote wawili, yeye kwa fimbo, mimi kwa kucha, mpaka jua likashuka.

Nilipomweleza nilichopoteza, akainama, akaokota kombe nyeupe, akanipa. "Chukua hii ukaitoboe. Huko kwenu nani ataijua?"

Nikaichukua. Masanja, soma hapo vizuri. Niliichukua. Nimeisugua kwa jiwe jioni tatu, nikaitoboa kwa msumari wa moto, nikaipaka mafuta na masizi ikazeeka. Nikamwonyesha Maganga, ambaye ameona kile cha kweli kifuani mwangu kila siku. Akaigeuzageuza akasema, "Afadhali umekipata, mzee. Ni kilekile."

Mimi, dada, nimezoea kusifiwa uongo. Ule uongo wa simba niliyemfukuza kwa kofia mliucheka, na mimi nikacheka. Lakini huu angeuvaa mtoto shingoni, na mngemwita baba juu yake, na Mayu angeupapasa kwa vidole kwa kuwa macho hayaoni. Nilipofikiria vidole vya Mayu, nikaiweka chini.

Kwa hiyo Maganga analeta barua hii tu. Kombe nimeiacha dirishani, yenyewe haina kosa. Mimi ruhusa yangu ni mwisho wa mwezi, nashuka Isaka, natembea. Msiniangalie baiskeli barabarani, haipo. Nyumba ya bati haipo. Maneno ya kumwita mzee alinifundisha mwenyewe, hayo maji hayakuyachukua.

Mwambieni Mayu kama nilivyoandika, msimpunguzie. Mnisalimie shemeji, Baba Masanja, mchungaji hodari kuliko wote hapo baada yangu. Mnisalimie mkwe wetu, mama wa mtoto, asiyelala. Mwambieni mjomba anaomba radhi kwa kila usiku. Na shangazi wa Ushirombo mwenye rozari, anisalie safari.

Mtoto mumbebe mgongoni mpaka nifike. Nakuja na shingo tupu. Kama baba atakataa, akatae mbele ya uso wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Shija wa Luhende,
mkata mkonge.