Uzi wa Kiuno

2 Februari

Dada yangu,

Hujambo? Na zile siku tatu za mashine ya kusafisha damu kila wiki, zinakuachia nguvu ya kushika barua? Sisi huku tu wazima. Mke wangu anakusalimu, cherehani inakusalimu, na kiti changu kinakusalimu kwa huzuni maana daktari amenikataza kukikalia kutwa.

Majibu yametoka. Figo yangu inakufaa. Nilitaka kuruka, lakini daktari akanipandisha kwanza kwenye mizani, akasema hampasui mtu wa kilo mia moja na kumi na nane, anaweza kunipoteza mezani. Nishuke hadi tisini na tano. Amenipa hadi mwisho wa Julai.

Nimeanza leo asubuhi, uwanja wa shule. Nimekimbia mzunguko mmoja na nusu, na hiyo nusu nimeikaa. Mama mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani alinipita, na wala hakuwa na haraka.

Sasa nina ombi. Unanijua, mimi nikibembelezwa nalala. Utotoni sikuoga, sikusoma, wala sikwenda dukani bila wewe kunitukana. Nitukane basi. Kuanzia huu wa leo, kila baada ya wiki mbili tatu nitakutumia uzi, nimeuzungusha kiunoni usawa wa kitovu na kuukata pale unapokutana. Uone mwenyewe unavyopungua. Ndiyo maana nakuandikia barua, uzi haupiti kwenye simu.

Mdogo wako,
Tikiti

11 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nimezipata, za kiti pia. Kipe pole, kimebeba mengi. Mimi sijambo kwa kipimo cha hapa, maana yake nimeamka.

Uzi umefika. Nilidhani umenitumia kamba ya kuanikia nguo. Nesi ameuning'iniza kwenye msumari juu ya kitanda changu, akauliza kama ni wa mtu mmoja.

Umeomba matusi, nami ninayo ya kutosha, nimelala hapa tangu Oktoba bila mtu wa kumtupia. Wewe hujawahi kumaliza kitu isipokuwa sahani. Gitaa uliacha baada ya nyimbo mbili. Udereva uliacha gari likiwa katikati ya barabara. Mama alipozidiwa uliahidi kuja Ijumaa, ukaja Jumatatu, tukiwa tumeshazika.

Mdogo wetu, yule wa kwa mama mdogo, naye amepimwa. Figo yake inafaa, na yeye hana kitambi, anaweza kupasuliwa hata kesho. Ila ameolewa juzi tu na wanataka mtoto. Nimemwambia asubiri kwanza nitazame uzi.

Kimbia, Tikiti.

Dada yako

1 Machi

Dada,

Unaendeleaje? Mgongo bado unauma? Mimi naumwa kote, kwa hiyo sasa tumekuwa ndugu kweli.

Barua yako nimeibandika kwenye kioo ambacho wateja hujitazamia wakijaribu nguo. Wanaisoma, wanacheka, halafu wananiuliza kama leo nimekimbia. Nikirudi kutoka uwanjani nachora mstari ukutani kwa chaki ya vitambaa. Mistari iko ishirini na mitano. Siku mbili sikwenda. Moja ilikuwa mvua, nyingine sikutaka tu, nakiri. Jana nimemaliza mizunguko minne bila kukaa, na yule mama wa ndoo amenisalimia kama mtu anayemfahamu.

Uzi umepungua upana wa vidole viwili. Najua ni kidogo, lakini nimeukata nikicheka peke yangu.

Mdogo wako,
Tikiti

9 Machi

Mdogo wangu,

Habari zako nimezisoma. Zangu ni kwamba mikono imevimba, ndiyo maana herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Vidole viwili. Nimeviweka viwili vyangu juu ya uzi nikavitazama. Hicho si kiuno kilichopungua, hiyo ni pumzi uliyoibana. Mwezi mzima wa chaki na mbwembwe, na umepoteza kile ambacho mashine inaniondolea mimi kwa asubuhi moja.

Mwanamke wa kitanda cha dirishani amefariki juzi. Alikuwa na kaka watatu, wembamba wote, na wote walimpenda sana.

Nataka vidole vinne. Visipofika vinne usinitumie uzi wala usiniandikie. Nitajua nilizaliwa peke yangu.

Dada yako

24 Machi

Dada,

Hujambo? Uvimbe umeshuka?

Vinne hivi hapa. Pima. Samahani kwa ufupi, nina sare za shule za kushona hadi juu ya kichwa.

Mdogo wako,
Tikiti

2 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

U mzima? Unalala vizuri? Magoti hayakusumbui? Ona ninavyouliza leo, hata mimi najishangaa.

Nimeupima mara tatu. Nesi akapima. Mgonjwa mpya wa kitanda cha dirishani naye akapima, na hata hakujui. Vinne. Nimelia hadi wakamwita daktari, wakidhani nimezidiwa. Yale niliyoandika kuhusu mama nayafuta. Yalikuwa machungu ya kitanda. Wewe ni mtu unayemaliza.

Nimempigia simu mdogo wetu nikamwachilia. Nimemwambia azae, mimi nina ndugu yangu wa tumbo moja, yuko uwanjani ananikimbilia. Alishusha pumzi hadi nikaisikia. Maskini, alikuwa ameyasimamisha maisha yake kwa ajili yangu.

Endelea hivyo hivyo, jembe langu.

Dada yako akupendaye

6 Mei

Dada,

Hujambo wewe na wenzako wa wodini? Uzi huu umepungua vidole saba tangu mwanzo. Ile barua ya Februari nimeibandua kwenye kioo. Ya Aprili natembea nayo mfukoni.

Kuhusu mdogo wetu, haraka ilikuwa ya nini? Ungemwacha asubiri kidogo tu. Mambo ya hospitali hayatabiriki, daktari anaweza kubadilisha neno. Mpigie, mwambie asubiri.

Mdogo wako,
Tikiti

19 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mbona siku hizi unatuma uzi bila neno? Nimepokea miwili kimya kimya, kama risiti. Najua, umechoka. Anayekimbia hana pumzi za kuandika.

Unasema mdogo wetu asubiri. Asubiri nini? Ana mimba ya miezi miwili. Akizaa wa kiume atampa jina lako, nimemwomba tu lisiwe Tikiti.

Nyuzi ziko sita msumarini, mmoja mfupi kuliko mwingine. Watu wa wodi nyingine wanakuja kuzitazama. Kuna baba mmoja amewapigia watoto wake simu akawasomea vipimo vyako, akawauliza wao wanangoja nini.

Daktari ametupangia. Uje tarehe 27 Julai wakupime, tarehe 29 tunaingia wote wawili. Nimekonda sana, usishtuke.

Dada yako

30 Julai

Tikiti,

Salamu zikae kwanza.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwomba nesi anisukume kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha mizani ili nikushtue. Nyuzi zako zote nilikuwa nazo mapajani. Nikamsikia yule wa mizani akisema mia moja na ishirini na moja. Akakushusha, akakupandisha tena, akidhani chombo kimeharibika. Mia moja na ishirini na moja. Ukamwomba aseme polepole.

Nilingoja ufungue pazia. Nikasikia viatu vyako vikienda kwenye ngazi, kisha mlango wa nje. Angalau siku hiyo ulikimbia.

Niambie ulianza lini kunidanganya.

Dada yako

8 Agosti

Dada yangu,

Sina uso wa kukuuliza hali, ila naiuliza.

Nilianza baada ya barua yako ya Machi. Nilikimbia hadi tarehe 23 na sikukosa hata siku moja, naapa kwa kaburi la mama. Jioni nikajipima. Vidole vitatu. Wewe ulitaka vinne, na ulisema visipofika nisiandike. Sisi mafundi tukikata kitambaa huongeza kidole kimoja cha mshono, mkono umezoea. Siku hiyo nikapunguza kimoja. Nilijiambia nitakifidia kesho yake uwanjani.

Kisha ikaja barua yako ya Aprili. Tangu nizaliwe hukuwahi kunisifu. Nilikaa kuisoma, na nilipokaa sikuinuka tena. Uwanjani nilikuwa bonge la mtu anayehema, kwenye barua yako nilikuwa nimeshamaliza. Nikawa nasoma badala ya kukimbia. Nilizitaka sifa zako kuliko nilivyotaka upone. Huo ndio ukweli, na nimeuandika mara nne kabla ya kuweza kuutuma.

Leo nimeanza upya. Mizunguko miwili, bila kukaa. Uzi huu ni wa kweli, mke wangu ndiye aliyeukata. Nitukane, dada. Nitukane unavyotaka, ila nijibu.

Mdogo wako,
Tikiti

3 Septemba

Mdogo wangu,

Natumaini unaendelea vizuri, pamoja na wifi, na cherehani, na kiti. Mwandiko huu ni wa nesi, mimi nasema tu. Mashine wameiacha tangu juma lililopita, moyo haukuiweza tena. Sina maumivu makubwa.

Umeomba nikutukane. Sikutukani. Matusi nilikuwa nikikutupia nikidhani kuna mtu wa kuyaokota. Kimbia ukipenda, kaa ukipenda, kwangu ni mamoja.

Uliniahidi Julai, na mama ulimwahidi Ijumaa. Safari hii sikupangii siku. Njoo Jumatatu, kama ulivyozoea.

Ndani ya bahasha utazikuta nyuzi zako zote, hazijapotea hata moja. Zitafaa kushonea vifungo. Ule mrefu mweupe si wako, ni wangu. Nesi amenipima nikiwa nimelala, kutoka utosini hadi kisigino. Mpelekee seremala jirani yako, mwambie ni wa dada yako. Na usiupunguze hata kidole kimoja.

Dada yako